Kihenge

Bi. Nkamba Lushinge, miaka hamsini na minane,
mkaanga mapanki wa Mwaloni, Kirumba,
aliweka dole gumba chini ya fomu
akauliza jambo ambalo kamati ya maadili haikuliwaza:
"Hayo mafuta yangu, mkishayatazama, mtayarudisha?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Daktari wa upasuaji alikuwa anamtoa mawe ya nyongo,
mimi nilihitaji vipande viwili tu,
kila kimoja kama punje ya karanga:
kimoja cha chini ya ngozi,
kimoja cha ndani, kutoka lile pazia linalofunika utumbo.
Tangu siku hiyo yeye ni namba.
Mia moja na kumi na saba, A na B.

Chini ya hadubini mafuta si kitu cha aibu.
Seli zimebanana kama nyumba za mlimani Mabatini,
na ndani ya kila moja tone limejaa mpaka dari,
kiini kimesukumwa ukutani
kama mpangaji anayelala pembeni ya magunia ya mwenye nyumba.

Chuoni waliziita ghala.
Kwetu Magu tungesema kihenge.
Bibi alikuwa akikigonga kihenge chake kwa kifundo cha kidole,
anasikiliza michembe imefikia wapi,
ndipo anaamua kama wageni walale au waage.
Seli nazo hugonga. Hutuma neno kwa damu hadi ubongoni:
tunacho, inatosha, nawa mikono.
Katika damu ya mia moja na kumi na saba neno hilo ni tele.
Nilidhani mashine imekosea, nikapima tena.
Ujumbe unafika. Mlango ndio haufunguliwi.

Ijumaa umeme ukakatika.
Jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Friza ikasoma hasi themanini,
hasi sabini na moja,
hasi hamsini na nne.
Nikakimbilia Mwaloni kutafuta barafu ya sangara.
Barafu ya samaki ni sifuri, hilo nalijua hata usingizini.
Nilikwenda hivyo hivyo.

Alikuwa kwenye moto wake, karai mbili, kanga imefungwa kiunoni.
"Umeyaleta?"

Nikamweleza habari za friza.
Akanionyesha kwa mwiko:
"Haya ya tumboni yanawahi kuungua, yana hasira.
Haya ya mgongoni yametulia. Siyachanganyi."
Miezi kumi na minne nimekuwa nikiiandika sentensi hiyo
kwa maneno marefu, na majedwali.

Halafu, bila kuulizwa, akataja mwaka wa njaa.
Alikuwa na miaka mitano.
Mama yake alichemsha mbegu za ukwaju, maji ya kwanza akayamwaga,
ya pili akayamwaga, ya tatu wakayanywa.
"Tangu hapo huu mwili haumwamini mtu.
Nikinenepa, majirani wananiambia nimependeza.
Wewe daktari unasemaje?"

Sikusema.
Nilikuwa nimekwisha kuiona B yake:
seli zilizokufa kwa kujaa kupita kiasi,
na askari wa kinga wamezizunguka duara,
wamesimama tu, kama watu kwenye kaburi
ambalo hakuna anayeanza kulifukia.
Akiba haiozi, tulifundishwa.
Mimi ninayo picha yake ikioza, kwa rangi ya zambarau,
imekuzwa mara mia nne,
na sijui nimwambie kwa Kiswahili au kwa Kisukuma.

Akanijazia magunia mawili ya barafu,
akamwita kijana wa toroli.
Umeme ulirudi saa kumi alfajiri.
Sampuli thelathini na tisa zimekwenda na maji.
Mia moja na kumi na saba, A imepona, B bado sijaifungua.

Hela ya barafu aliikataa.
"Andika kwenye ile fomu yenu," alisema,
akigeuza panki upande wa pili,
"kwamba sasa mnadaiwa mara mbili."